Kiwanda cha Wareno: Kosa Moja la Tafsiri na Historia Iliyo Nyuma Yake

Katika kazi ya istilahi hutokea mara nyingi kwamba mtu hutoka ofisini kwenda kutafuta jambo moja akarudi na jambo jingine. Ndivyo ilivyotupata tulipokwenda kata ya Baray, wilayani Karatu, upande wa Ziwa Eyasi. Tulikusudia kukusanya msamiati wa kilimo cha vitunguu: maneno ya mifereji, ya vitalu, ya kuvuna na kukausha, ya magunia na mizani. Kilimo hicho hutegemea maji ya chemchemi katika nchi ambayo bila hayo ingekuwa kavu, na watu wa makabila mengi wamekutana hapo: Wairaqw, Wadatoga, Wahadzabe, na wageni kutoka kila pembe ya nchi. Mahali pa namna hiyo Kiswahili hufanya kazi kubwa, na mkusanya maneno hakosi mavuno. Tulijaza daftari mbili. Lakini swali lililotusumbua njia nzima ya kurudi halikuhusu vitunguu hata kidogo, lilihusu Wareno.

Jioni ya pili tulikaa na vijana wapakiaji waliokuwa wakingojea lori. Walikuwa wakicheza karata juu ya gunia lililokunjwa, na maneno yaliyosikika yalikuwa yale yale yanayosikika Tanga na Lamu: kopa, shupaza, uru, pau, na juu ya yote turufu. Mwenzetu mmoja aliwaambia vijana kwamba maneno hayo yote ni ya Kireno. Wakacheka, wakadhani ni mzaha wa watu wa mjini. Mreno hakufika Eyasi. Mzungu anayekumbukwa kuwa wa kwanza kuandika habari za nchi hizi za Ngorongoro na Eyasi ni Oscar Baumann, Mwaustria, aliyepita mwaka 1892, karibu miaka 200 baada ya Wareno kufukuzwa Mombasa. Hata hivyo neno turufu limefika, nalo limefika bila mwenyewe. Limechukuliwa na Waswahili, likapita mkono hata mkono pamoja na shanga, chumvi na nguo, mpaka likawa la kijana wa Baray asiyejua kwamba amelirithi.

Mazungumzo hayo yalimvuta mwalimu mmoja wa historia aliyekuwa amesimama kando. Alitusalimu, akatuuliza kama ni kweli sisi ndio watu wa istilahi, kisha akasema, "Basi ndugu zangu, nina kesi, nanyi ndio mahakimu." Kesho yake asubuhi alituletea kijitabu cha ziada kilichofasiriwa kwa Kiswahili, kinachoeleza biashara ya mabaharia wa Ulaya katika Bahari ya Hindi na Mashariki ya Mbali. Hatuna haja ya kukitaja jina. Ndani yake imeandikwa kwamba Wareno walijenga kiwanda Sofala mwaka 1505. Kwamba walikuwa na kiwanda kingine Malindi. Kwamba Waingereza walikuwa na kiwanda Hirado, nchini Ujapani, tangu 1613 hadi 1623. Na kwamba Waholanzi waliendesha kiwanda katika kisiwa cha Dejima, Nagasaki, kwa muda wa miaka zaidi ya 200.

Pamoja na kijitabu alileta karatasi ya mtihani. Mwanafunzi mmoja, alipoulizwa kueleza shughuli za Wareno Sofala, alijibu kwamba walikuwa na kiwanda cha kutengenezea dhahabu, na kwamba waliwaajiri wenyeji kama vibarua. Mwalimu alikuwa amempa sifuri. Baadaye alikisoma tena kijitabu, akaona kwamba mtoto hakubuni kitu: palipo na kiwanda hutengenezwa kitu, na kitu kilichotajwa katika ukurasa ule ni dhahabu. "Sasa niambieni," akasema, "sifuri hii ni ya nani?"

Yafaa tukiri kwamba hata sisi tulipousoma ukurasa ule mara ya kwanza hatukushtuka. Macho ya mfasiri yamezoea kuona neno la Kiingereza ambalo siku hizi maana yake ni kiwanda, nayo kalamu huandika kiwanda kabla akili haijauliza. Kosa hili si la ujinga wa lugha, ni la kusahau kwamba maneno nayo yana umri. Katika karne ya 16 na ya 17 neno hilo halikuwa na uhusiano wowote na mitambo wala moshi. Wareno walisema "feitoria", Waholanzi wakasema "factorij", na Waingereza wakalifuata umbo hilo hilo. Asili yake ni Kilatini, kitenzi chenye maana ya kutenda. "Feitor" ni mtendaji, yaani mtu aliyewekwa mahali pa mbali ili atende kwa niaba ya mwingine: anunue, auze, atunze mali, aandike hesabu, apeleke shehena. "Feitoria" ni nyumba yake, pamoja na ghala, ofisi na watu wake. Wareno wa Sofala hawakutengeneza dhahabu. Walileta nguo za Gujarati na shanga, wakataka kubadilishana na dhahabu na pembe zilizotoka bara. Maana ya utengenezaji ilikuja kulivamia neno la Kiingereza baadaye, na leo imelitwaa lote.

Tulimweleza mwalimu hayo kwa namna ya kitabu, naye akasikiliza kwa adabu. Lakini alipowapa wanafunzi wake maelezo hayo, sisi tukiwa tumeketi nyuma ya darasa, waliyafasiri upesi kuliko sisi. Msichana mmoja alinyosha mkono akasema, "Kumbe ni kama yule mtu anayekaa hapa ananunua vitunguu vya tajiri." Darasa zima likaelewa. Katika soko la vitunguu yupo mtu anayepanga chumba na ghala karibu na mizani. Tajiri wake yuko Arusha au Nairobi na huenda haji kabisa. Mtu huyu hununua pole pole kwa wakulima, hukusanya, hubishana juu ya lumbesa, huandika daftari, na lori likifika shehena iko tayari. Hana kiwanda. Hatengenezi hata kitunguu kimoja. Mfalme wa Ureno alikuwa na watu wa namna hiyo Sofala, Malindi, Goa na Malaka, ila wao walikuwa na mizinga pia.

Hapo ndipo tulipoamua kwamba jambo hili lastahili kufuatwa mpaka mwisho wake, na safari iliyofuata ikatufikisha Mombasa, katika makumbusho yaliyomo ndani ya Ngome ya Yesu. Ngome ni kubwa, lakini makumbusho yenyewe ni madogo. Mtu anaweza kuyamaliza kabla ya adhana ya adhuhuri, naye akiwa mtu wa maneno hatayamaliza kwa wiki. Wareno walianza kuijenga ngome hiyo mwaka 1593, kwa mchoro wa Mtaliano Giovanni Battista Cairati, juu ya mwamba wa matumbawe unaotazama mlango wa bandari. Waomani waliwatoa humo Desemba 1698, baada ya kuwazingira tangu 1696. Wareno walirudi kwa muda mfupi tu, mwaka 1728, wakatolewa tena mwaka uliofuata. Tangu 1895 hadi 1958 Waingereza waliitumia kuwa jela, na tangu 1960 ni makumbusho.

Mle ndani mna vyombo vilivyotolewa baharini chini ya ngome yenyewe. Merikebu ya Kireno iitwayo Santo António de Tanna, iliyojengwa India mwaka 1681, ilizama hapo mwaka 1697 katika wakati ule wa kuzingirwa, ikalala matopeni karibu miaka 280 hadi wataalamu walipoanza kuichimbua mwaka 1977. Tulisimama mbele ya vyombo vyake na vya magofu ya pwani, tukafanya zoezi ambalo tungemshauri kila mfasiri alifanye aingiapo makumbusho: tukakitaja kila kitu kwa Kiswahili kwa sauti, kisha tukajiuliza neno hilo limetoka wapi.

Matokeo yake yalitushangaza. Mabaki ya Kireno katika lugha yetu si machache. Meza ni yao, bendera ni yao, na leso, mvinyo, foronya, bweta, kandirinya, parafujo na roda. Padri ni wao, na nanasi, tunda walilolileta kutoka Amerika. Karata na turufu tumekwisha kuzitaja. Lakini tulipofika kwenye biashara yenyewe, jambo lililowaleta kutoka Lisbon kwa kuizunguka Afrika nzima, tulikuta ukimya. Bandari ni Kiajemi, na nahodha vile vile. Forodha, dalali, wakala, mizani, ushuru, sarafu, bidhaa, faida, hasara, rehani, yote yametoka kwa Waarabu. Hundi na bima zimetoka Bara Hindi. Kununua, kuuza, kukopa, kulipa, deni na mali: humo yamo ya Kibantu na ya Kiarabu, la Kireno hamna. Watu waliotawala bandari za pwani kwa karne mbili hawakuacha, katika orodha yetu yote, neno hata moja la kazi ya biashara.

Maana yake haifichikani. Mtu haazimi kile alicho nacho. Da Gama alipofika Malindi mwaka 1498, pwani hii ilikuwa imekwisha kufanya biashara na Arabuni, Uajemi na India kwa mamia ya miaka. Kilwa ilikuwa imepiga sarafu zake yenyewe za shaba na kutajirika kwa dhahabu ya Sofala, na Ibn Battuta aliifika mwaka 1331 akausifu mji. Wareno waliposhuka hapo kwa silaha mwaka 1505 waliwakuta wafanyabiashara wenye maneno yao, vipimo vyao na hesabu zao. Wageni waliweza kuleta meza, kwa sababu watu walikula mkekani. Waliweza kuleta karata, kwa sababu mchezo ulikuwa mpya. Lakini "feitoria" hawakuweza kuiuza. Hakuna aliyeihitaji. Mswahili aliiona nyumba ile, akaona ghala, wakala na mizani, akaiita kwa majina aliyokuwa nayo. Kwa hiyo mwandishi wa leo anayeandika kwamba Wareno walileta kiwanda Sofala hakosei neno tu. Anamfundisha mtoto, bila kukusudia, kwamba kabla ya Mreno hapakuwa na kazi, na kwamba kazi yenyewe ilianza kwa kibarua na tajiri wa Kizungu. Ndiyo sababu tunaliona kosa hili kubwa kuliko umbo lake.

Tusipite bila kulitaja neno gereza, ingawa si la biashara, kwa kuwa nalo ni mtego wa aina ile ile. Asili yake ni "igreja", yaani kanisa. Ndani ya ngome ya Mombasa Wareno walikuwa na kanisa, na wenyeji, kama inavyoelezwa kwa kawaida, wakalichukua jina la kanisa wakaliweka juu ya boma lote. Kutoka boma likahamia kwenye kifungo. Jengo lile moja limekuwa na kanisa, limekuwa boma, na kwa miaka 63 limekuwa jela. Maana zote tatu za neno zimeishi ndani ya kuta zake. Kule Kilwa Kisiwani maana ya kati imeganda: jengo liitwalo Gereza ni ngome, na lililosimama leo ni la enzi za Waomani. Tumewahi kuona maelezo ya watalii yaliyofasiriwa na mtu asiyejua hilo, yakisema kwamba Kilwa palikuwa na jela kubwa ufuoni. Msomaji aliyekwenda kuitafuta hiyo jela bila shaka ameshangaa.

Kijitabu cha mwalimu kilitaja pia Ujapani, na kwa kuwa sisi hatukuwa na elimu ya huko ilitubidi kusoma. Tulichokikuta kimetufaa kuliko tulivyotazamia. Bahari iliyowaleta Wareno Mombasa ndiyo iliyowafikisha Nagasaki. Padri Francis Xavier aligusa Malindi mwaka 1542 akiwa njiani kwenda Goa, na mwaka 1549 alishuka Kagoshima. Vijana wanne wa Kijapani waliopelekwa Ulaya mwaka 1582 walipitishwa Msumbiji katika safari ya kurudi, wakakaa kisiwani miezi kadhaa wakingoja pepo. Na Valignano, mkuu wa mapadri Wajesuti huko Mashariki, alipofika Ujapani mwaka 1579 alifuatana na Mwafrika ambaye Wajapani walimwita Yasuke, akaja kuingia katika utumishi wa mtawala Oda Nobunaga. Basi si ajabu kwamba Wajapani huita karata "karuta". Neno ni lile lile, kutoka merikebu zile zile. Kijana wa Baray na bibi wa Kyoto wamegawiwa kutoka fungu moja.

Wajapani walichukua na mengine: mkate wakauita "pan", kifungo cha nguo "botan", sabuni "shabon". Hapa mtu wa istilahi husita kidogo. Sisi neno sabuni tulikuwa nalo kutoka Kiarabu, kwa hiyo la Kireno hatukulitaka. Mkate tulikuwa nao. Wajapani hawakuwa nao, wakaazima. Lakini katika jambo la nyumba ya biashara walifanya kama sisi. Hawakuazima "feitoria", wala baadaye neno la Kiholanzi. Waliiita nyumba ile "shōkan", maneno mawili yao wenyewe yaliyounganishwa, lenye maana ya biashara na lenye maana ya jumba. Jina hilo lingaliko. Katika mji mdogo wa Hirado, ambako Waholanzi walikaa tangu 1609 hadi 1641, ghala lao la mawe la mwaka 1639 limejengwa upya na kufunguliwa mwaka 2011 kuwa makumbusho, nayo hubeba jina la jumba la biashara la Waholanzi. Ghala la kwanza halikudumu hata miaka miwili. Watawala waliamuru libomolewe mwaka 1640, na sababu iliyotolewa ni kwamba juu ya ukuta wake palichongwa mwaka kwa hesabu ya Kikristo. Tarakimu nne zilivunja jumba zima. Nasi hulalamika kwamba watu hawayajali maandishi.

Baada ya hapo Waholanzi walihamishiwa Dejima, kisiwa cha kutengenezwa kwa mikono ambacho mwanzo kilijengwa mwaka 1636 ili kuwaweka Wareno, nao Wareno wakafukuzwa nchini mwaka 1639. Kisiwa kilikuwa na umbo la kipepeo cha mkono, kikubwa kidogo kuliko kiwanja cha mpira, chenye daraja moja na lango lenye walinzi. Kwa zaidi ya miaka 200 biashara yote ya Ujapani na Ulaya ilipitia daraja hilo, na pamoja nayo elimu yote ya Ulaya. Waliobeba mzigo wa kuipitisha walikuwa wakalimani wa Nagasaki, watu wa ukoo kwa ukoo, mtoto akirithi kazi ya baba. Mkuu wa Waholanzi waliendelea kumwita "kapitan", neno la Kireno, ingawa Mreno alikuwa haruhusiwi tena kukanyaga nchi. Amri ya serikali huweza kuondoa watu, maneno huyaacha.

Katika njia hiyo hiyo kilipita kitabu cha Kiholanzi cha maumbile ya mwili, ambacho tabibu Sugita Genpaku na wenzake walikifasiri wakakichapisha mwaka 1774 kwa jina Kaitai Shinsho. Walikuwa wameshuhudia mwili ukipasuliwa mwaka 1771, wakaona kwamba michoro ya kitabu kile ni ya kweli. Kamusi hawakuwa nayo ya maana. Sugita alisimulia uzeeni kwamba waliweza kukesha siku nzima ya masika juu ya mstari mmoja wasiuelewe. Anataja neno moja lililohusu pua: waliona mahali pengine kwamba tawi likikatwa na jeraha likapona, hapo huwa hivyo, na kwamba uwanja ukifagiliwa na taka zikakusanyika, hapo pia huwa hivyo. Wakawaza, mpaka mmoja akatambua kwamba maana ni kuinuka, kuwa kichuguu. Sugita asema furaha yao haikuwa na kifani. Nani kati yetu aliyewahi kukaa katika jopo la istilahi asiyeijua furaha hiyo?

Katika utangulizi wa kitabu walieleza njia zao, nazo ni tatu. Ikiwa Kijapani kina neno la kitu hicho, walilitumia, kama mfupa. Ikiwa hakina, walitazama maana wakaunda: gegedu wakaiita mfupa laini, na neva wakaiundia jina ambalo Wajapani wanalo mpaka leo. Ikiwa hata maana haikushikika, waliandika sauti ya Kiholanzi kama ilivyo. Ndivyo walivyofanya kwa tezi. Msomaji ataona kwamba hizo ndizo njia tunazozifuata katika kazi yetu kila siku, na kwamba mahali pa kuzitumia hutofautiana kwa kila lugha. Sisi gegedu na tezi tulikuwa nazo tayari. Neva tuliitohoa, ingawa wako waandishi wanaosema mshipa wa fahamu. Hao wa Edo walishindwa na tezi, na wafuasi wao baadaye wakabuni hata herufi mpya ili kuipa jina. Kutohoa kwao hakukuwa dharau kwa lugha yao, kulikuwa kukiri kwamba bado hawajaelewa. Kosa la kijitabu chetu ni baya zaidi ya kutohoa. Mfasiri angaliandika "feitoria" kwa herufi za mlazo, mwanafunzi angaliuliza maana yake. Aliposoma kiwanda hakuuliza, kwa sababu alidhani anajua.

Turudi kwenye jopo letu. Swali lilipoletwa mezani, kulikuwa na aliyelitetea neno kiwanda, tena kwa hoja isiyo ya kubezwa. Alisema kwamba kiwanda na kiwanja ni ndugu. Kwamba zamani kiwanda kilikuwa uga au mahali popote wazi pa kufanyia kazi, pa kusukia mikeka au kuundia vyombo. Na kwamba si lugha iliyokosa, ni mitambo ya karne ya 20 iliyolibana neno. Ni kweli. Lakini hatufasiri kwa ajili ya babu zetu. Mtoto wa darasani akisikia kiwanda huona bomba la moshi, na hapana maelezo ya chini ya ukurasa yatakayolifuta bomba hilo.

Mwingine alipendekeza kituo cha biashara, ambalo halina kosa, lakini halina shabaha pia. Kila kijiji chenye maduka manne ni kituo cha biashara. Bohari na ghala hutaja sehemu moja tu ya jengo. Forodha ni ya serikali ya mahali, hutoza ushuru. Nyumba ya mgeni haitozi ushuru, hutozwa, au hukwepa. Dalali hukutanisha wawili akapata chake, wala hakai na mali ya mtu mwaka mzima. Tulibaki na wakala, neno ambalo wanafunzi wa Baray walilifikia kwa dakika moja kwa kuwatazama wanunuzi wa vitunguu. Tena lina ukoo mzuri: huko Misri neno hilo la Kiarabu lilikuwa jina la jengo lenyewe, lenye ghala chini na vyumba vya wafanyabiashara juu.

Ugumu wake ni wa siku hizi. Idara kadhaa za serikali sasa huitwa wakala, kama ya barabara. Na mtaani wakala ni mtu aliyekaa chini ya mwavuli akitoa na kupokea fedha kwa simu. Mjumbe mmoja alituchekesha kwa kusema kwamba tukiandika wakala wa mfalme wa Ureno huko Sofala, watoto watauliza kama alikuwa na salio. Kwa hiyo tumeafikiana, kwa muda, juu ya kituo cha uwakala kwa jengo, na wakala wa biashara kwa mtu. Hatusemi kwamba ndilo neno la mwisho. Wafasiri wa nyaraka za historia wanaombwa walijaribu katika sentensi zao halisi, hasa zile zinazotaja Kilwa, Malindi, Sofala, Hirado na Dejima, watuandikie likiwakwama. Neno ambalo halijakwama kalamuni mwa mtu bado halijapimwa.

Mwalimu wa Baray tulimpelekea karatasi moja ya masahihisho ya kubandika ndani ya kijitabu. Alijibu kwamba ameibandika, na kwamba mwanafunzi wake amerudishiwa alama, si zote, kwa kuwa vibarua wale alikuwa amewaongeza mwenyewe. Akatutumia na swali jipya kutoka darasani: je, Wareno wa Sofala walinunua kwa kipimo gani, na kama walikuwa na lumbesa? Juu ya lumbesa tumenyamaza. Juu ya kipimo tumemjibu kwamba katika daftari zao Wareno waliandika "faraçola", ambalo silo lao: ni frasila ya Waarabu na Waswahili, ratili 35 hivi, iliyokuwa ikipima pembe na viungo katika bahari hii kabla hawajafika.